Ndege wa yai moja

Neno "mafua" limetuponza. Ukiambiwa fulani ana mafua unajua habari yake: anapenga kamasi, analala mapema, siku ya tatu yuko kazini na sauti imekauka kidogo. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilipokuwa nikisikia redioni "mafua ya ndege", akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwa kuku. Banda limefungwa, kuku wameteketezwa, mayai yatapanda bei, taarifa imekwisha, sasa michezo. Sikuwahi kujiuliza ndege asiye na mwenyewe akiugua mafua hayo anakuwaje.

Aliyenigeuza ni ganeti. Huyu ni ndege wa Atlantiki ya Kaskazini, mweupe, mkubwa, mabawa yakinyooshwa yanakaribia mita mbili na ncha zake ni nyeusi kana kwamba zimechovywa kwenye wino. Akimwona samaki hujitupa kutoka juu, wakati mwingine mita 30, mabawa ameyakunja nyuma, anaingia majini kama mkuki. Kwa mwendo ule maji yangempasua kupitia puani, basi maumbile yamemziba: hana matundu ya pua kwa nje, yamo ndani ya mdomo. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Ndege asiye na pua, kafa kwa mafua. Kisha nikaziona picha za Bass Rock za mwaka 2022, kicheko kikaniishia mdomoni.

Bass Rock ni mwamba unaochomoza baharini mashariki mwa Uskoti. Kwa mbali unaonekana kama umepakwa chokaa. Ni ndege wenyewe na kinyesi chao. Ganeti wamekuwapo pale kwa muda mrefu kiasi kwamba jina lao la kisayansi, *Morus bassanus*, limetokana na mwamba huo. Mwaka 2014 zilihesabiwa pale nafasi za viota zipatazo 75,000, hakuna koloni la ganeti lililolizidi duniani. Viota vyenyewe vimepangwa kwa kipimo cha mdomo: jirani yuko pale pale ambapo ukinyoosha shingo unaweza kumdonoa, na wanadonoana kweli kutwa nzima. Ukiutazama mwamba kutoka angani unaona vidoa vyeupe vilivyoachana sawasawa, kama kitambaa kilichodariziwa na mtu mwenye subira. Katika picha za 2022 kitambaa kile kimetoboka. Pana mapengo ya udongo wa kahawia, na ndani ya mapengo, ndege waliolala mabawa wazi, na pembeni yao walio hai wakiendelea kuatamia.

Hicho ndicho kilichonikaa. Walio hai hawakuondoka. Ndege anayeatamia hana pa kwenda.

Nikanunua daftari. Nilipiga mistari, nikaandika juu: mahali, mwezi, aina ya ndege, waliokufa. Nilidhani nikijaza safu hizo nne nitaelewa kinachotokea. Nitarudi kwenye daftari hilo, maana limenifundisha jambo kwa njia ya aibu.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Virusi vya mafua vimeishi na bata wa porini tangu zamani, na kwa kawaida wanapatana. Kirusi kinakaa utumboni, kinatoka na kinyesi, kinaingia majini, bata mwingine anakinywa, na wote wanaendelea na safari. Ili kiweze kuingia ndani ya seli, protini iliyo juu ya gamba lake, iitwayo hemaglutinini, lazima kwanza ikatwe mahali fulani, na vimeng'enya vya kuikata vinapatikana utumboni na katika njia ya hewa tu. Ni kufuli lenye funguo mbili. Lakini kirusi cha kundi la H5 au H7 kikiingia kwenye banda lenye maelfu ya kuku waliobanana, kinapita kutoka koo hadi koo bila kupumzika, na mara nyingine mahali pale pa kukatia panabadilika. Sasa kufuli linafunguka kwa msumari wowote. Karibu kila seli ya mwili ina kimeng'enya cha kuikata protini hiyo, kwa hiyo kirusi kinafika kwenye moyo, ini, kongosho, ubongo.

Ndiyo maana ndege mgonjwa hapengi kamasi. Anapinda shingo, kichwa kinatetemeka, anazunguka mahali pamoja majini kama jani kwenye kizingia. Anajaribu kuruka, bawa moja linatii na jingine halitii. Tungeuita ugonjwa wa ubongo labda tungeshtuka mapema.

Hapa nina kinyongo, bora nikiseme. Vichwa vya habari hupenda kuandika kwamba ndege wa porini "wanaeneza" mafua, kana kwamba wamekaa kikao wakakubaliana. Ukoo wa kirusi kinachoua leo ulipatikana mwaka 1996 kwa bata bukini wa kufugwa katika jimbo la Guangdong, China. Mwaka uliofuata, Hong Kong, kiliwaambukiza watu 18 na kuwaua 6. Mwaka 2005 kikaonekana kwenye ziwa Qinghai, na maelfu ya ndege wa porini wakafa, wengi wao bata bukini wanaovuka milima ya Himalaya. Kwa hiyo ndege wa porini walikipata kutoka kwetu, kisha wakakisafirisha, ndiyo, kwa sababu kusafiri ndiyo kazi yao. Kabla ya ukoo huo kulikuwa na tukio moja tu kubwa la ndege wa porini kufa kwa mafua makali: buabua wa pwani ya Afrika Kusini, mwaka 1961, zaidi ya elfu moja, kwa kirusi cha H5N3. Kwa takriban miaka 40 wataalamu walilitaja kama kioja, jambo lililotokea mara moja na halikurudi.

Limerudi. Tawi la H5N1 linaloitwa 2.3.4.4b (majina ya virusi ni kama namba za mafaili, utazoea) lilijitokeza mwishoni mwa 2020, kisha likatawala. Kabla yake mafua yalikuwa jambo la majira ya baridi: bata wanahama, kirusi kinahama nao, kiangazi kinafifia. Mwaka 2021 hakikufifia. Kiliwakuta skua wakubwa kwenye visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, Foula, Fair Isle, St Kilda, katika msimu wa kuzaliana.

Skua si ndege wa kupendwa. Ni mnyang'anyi: anamfukuza ganeti angani, anamshika bawa mpaka amtapike samaki aliyemeza, kisha anamla huyo samaki. Anakula makinda ya wengine, anakula mizoga. Na skua wana tabia ya kukusanyika kwenye vidimbwi vya maji baridi kuoga pamoja. Ukiambiwa ubuni ndege wa kuokota kirusi kila mahali kisha akipeleke bafuni kwa wenzake, ungembuni skua. Visiwa vya Uingereza vina zaidi ya nusu ya skua wakubwa wote wa dunia, na walipohesabiwa tena mwaka 2023, kwenye maeneo yaliyofanyiwa sensa walikuwa wamepungua kwa asilimia 76. Ganeti, kwa sensa hiyohiyo, asilimia 25.

Asilimia 25. Mtu wa kuku ataniuliza: kwani nini? Mfugaji hupoteza wote, anasafisha banda, baada ya miezi michache ana kuku wengine. Hapo ndipo ilipo tofauti. Kuku anataga karibu kila siku. Ganeti anataga yai moja kwa mwaka, na haanzi mpaka afikishe miaka minne au mitano. Skua mkubwa huanza akiwa na kama miaka saba, mayai mawili. Albatrosi mkubwa anayezurura bahari za kusini huanza karibu na miaka kumi, yai moja, tena si kila mwaka: mwaka mmoja analea, mwaka wa pili anapumzika. Wote hawa wamejenga maisha yao juu ya haba na haba hujaza kibaba. Kinda mmoja mwaka huu, mwakani labda hakuna kwa sababu samaki wamekwenda mbali, mwaka unaofuata mmoja tena, na baada ya miaka ishirini na kitu jozi imeacha watoto wawili watatu walio hai. Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: mkubwa asife. Dhoruba ikiua makinda wa msimu mzima, koloni linatikisa kichwa na kuendelea. Mafua haya yameua wazazi.

Nilimwonyesha mwanangu picha ya ganeti wa Bass Rock aliyepona. Ganeti mzima ana jicho la buluu nyepesi, karibu nyeupe, lenye mzunguko mwembamba kama umechorwa kwa kalamu kali, na mboni ndogo katikati. Katika picha ile jicho ni jeusi. Si mboni tu, ni jicho zima, kama shimo. "Amevaa lenzi?" akaniuliza. Watafiti waliwapima ndege 18 waliokuwa wakionekana wazima. 8 walikuwa na kingamwili za H5, maana yake walishaugua wakapona, na kati ya hao 8, wenye macho meusi walikuwa 7. Kirusi kimepita na kimeacha muhuri. Mtu anayepita kwa mashua na darubini sasa anaweza kusema: yule aliumwa, yule pia, yule labda hakuumwa. Kama wanaona vizuri kwa macho hayo au hawaoni ni swali zito kwa ndege anayelenga samaki kutoka mita 30 juu.

Jambo jingine walilogundua lilinikera kwa jinsi linavyoeleweka. Ganeti mwenye kiota ni mwaminifu kupita kiasi. Anakwenda kuvua na kurudi mahali palepale, mwaka baada ya mwaka. Lakini baadhi ya wale waliokuwa wamefungwa vifaa vya kufuatilia safari zao, koloni lilipoanza kuvurugika kiangazi cha 2022, walianza kutembelea makoloni mengine, jambo ambalo ndege wakubwa hawakuwahi kuonekana wakilifanya. Fikiria mwenyewe. Mwenzi wako kafa, kinda kafa, majirani wa kushoto na kulia wamelala. Unakwenda kubisha hodi kwingine. Na hodi hiyo ndiyo inayobeba ugonjwa.

Novemba 2022 daftari langu liliruka bahari. Peru. Mwanzo ni mwari waliokuwa wakianguka kwenye fukwe, kisha minandi wa guanay na wale ndege wa jamii ya ganeti wa pwani hiyo. Ndani ya miezi michache idadi kwenye maeneo ya hifadhi pekee ilivuka 100,000. Peru ina historia ya pekee na ndege hawa: katika karne ya 19 kinyesi chao, guano, kilichimbwa visiwani na kuuzwa Ulaya kama mbolea, kikawa nguzo ya hazina ya nchi. Kilipokaribia kwisha, mwanzoni mwa karne ya 20, serikali iliunda shirika la kusimamia visiwa, ikaweka walinzi, na kwenye rasi za nchi kavu zikajengwa kuta ndefu kuwazuia wanyama wanaokula ndege. Kuta hizo zipo hadi leo. Sijui kama kuna ndege wa baharini popote waliolindwa kwa bidii ya namna hiyo, kwa sababu yoyote ile. Kirusi kilipita juu ya ukuta ndani ya mwili wa ndege mwenyewe. Kisha kikaingia kwa simba-bahari, zaidi ya 3,000 wakafa upande wa Peru tu, na mwaka uliofuata, huko Península Valdés, Argentina, kikaua watoto wa tembo-bahari zaidi ya 17,000, karibu wote waliozaliwa msimu ule. Habari ya wanyama hao inataka makala yake. Naitaja kwa kuwa nilishindwa kuamua niiandike ukurasa gani.

Sasa aibu yangu. Siku moja niliketi nijumlishe safu ya "waliokufa". Nilipofika ukurasa wa pili nikaona mstari mmoja unaosema minandi wa Rasi, Afrika Kusini, mwisho wa 2021, zaidi ya 20,000, na mistari mingine mitatu chini yake yenye idadi ndogondogo za mahali mahali. Nilikuwa nimeandika jumla, na tena nikaandika vipande vya jumla ileile. Ndege walewale nimewaua mara mbili. Nikarudi nyuma nikakuta kosa hilo kwingine pia, na kosa la upande wa pili: mahali ambapo palihesabiwa waliotupwa ufukweni tu, na waliozama hawana mtu aliyewaona. Ndege wa baharini akifia baharini, anazama au analiwa. Mwari 750 walikutwa wamekufa hifadhi ya Djoudj, Senegal, Januari 2021, kwa sababu pale pana askari wa hifadhi wanaozunguka. Pasipo na mtu wa kuzunguka, safu yangu inasoma sifuri, na sifuri hiyo ni ya uongo.

Nikachana kurasa zile na kuanza upya na safu moja: waliorudi. Viota vingapi vina mwenyewe msimu uliofuata. Ndiyo hesabu ambayo haiwezi kudanganywa na mawimbi, ingawa ni ya polepole mno, lazima usubiri mwaka.

Kuhusu mizoga yenyewe kumekuwa na ubishi, na nimebadili msimamo. Zamani ningesema: iacheni, mkipanda kwenye koloni kuokota maiti mtawafukuza walio hai na kuwasambaza na ugonjwa wao. Ni hoja nzuri. Lakini Uholanzi, kiangazi cha 2022, buabua wenye kishungi wanaoitwa Sandwich walipokuwa wakifa kwa maelfu, kwenye baadhi ya makoloni watu waliingia wakiwa wamevaa mavazi ya kujikinga na kuondoa mizoga, na makoloni hayo yaliishia kupoteza ndege wachache kuliko yale yaliyoachwa. Haithibitishi kila kitu. Buabua wanataga kwenye mchanga tambarare, huwezi kufanya hivyo kwenye jabali wanalotagia ganeti. Hata hivyo, kwa ndege ambao Ulaya ya kaskazini-magharibi ilipoteza zaidi ya 20,000 waliokomaa kwa msimu mmoja, zaidi ya asilimia 17 ya wote wanaozaliana huko, ningevaa mavazi hayo na kuingia. Walinzi wa kisiwa cha Dyer, Afrika Kusini, walifanya kazi hiyohiyo wakati wa vifo vya minandi. Ni kazi ya kuinama. Unaokota mzazi, na chini yake unakuta yai lingali na joto.

Oktoba 2023 kirusi kilifika Bird Island, karibu na South Georgia, na mgonjwa wa kwanza alikuwa nani? Skua, wa kahawia, binamu wa yule wa Foula. Februari 2024 kikathibitishwa kwenye bara la Antaktika: skua. Septemba 2024, kisiwa cha Marion, katikati ya bahari ya kusini, mahali wanapotagia sehemu kubwa ya albatrosi wakubwa wa dunia: skua tena. Nilipoandika mstari huo wa tatu nilicheka kidogo kwa uchungu. Mnyang'anyi aliyekuwa akihurumiwa na wachache tu ndiye anayefika kila mahali akiwa wa kwanza kufa.

Watu huuliza kuhusu chanjo. Ipo. Marekani, mwaka 2023, kondori 21 wa Kalifonia walipokufa, katika jamii ya ndege ambao wote kwa jumla ni mia chache tu, chanjo iliruhusiwa kwa dharura, na kondori wakaanza kushikwa mmoja mmoja na kudungwa. Inawezekana kwa sababu kila kondori ana namba. Kwa ganeti 100,000 juu ya mwamba hakuna wa kumshika nani. Kinachobaki ni kuwaondolea mizigo mingine, na mzigo mkubwa ni chakula. Mwaka 2024 uvuvi wa samaki wadogo wembamba wa mchangani, sandeel kwa Kiingereza, ulipigwa marufuku katika maji yote ya Uskoti na sehemu ya Uingereza ya Bahari ya Kaskazini. Machi 2025, Afrika Kusini, wahifadhi na wavuvi walikubaliana mahakamani kufunga uvuvi wa dagaa kuzunguka makoloni sita ya ngwini wa Afrika kwa miaka kumi. Ngwini hao wamebaki jozi zisizofika 10,000. Hakuna samaki anayetibu mafua. Ila jozi iliyoshiba inaweza kulea kinda hata baada ya msimu mbaya, na ndege hawa hawana njia nyingine ya kurudi isipokuwa hiyo, kinda mmoja mmoja.

Safu yangu mpya ina mistari michache. Bass Rock, 2014: karibu 75,000. Bass Rock, 2023: karibu 52,000. Nilitegemea mstari wa tatu utapanda. Bass Rock, 2024: karibu 46,000.

Kinda aliyeanguliwa pale kiangazi cha 2023 alitoka kiotani mnene kuliko wazazi wake, akajirusha kutoka kwenye mwamba bila kujua kuruka vizuri, akaogelea kuelekea kusini. Kama amepona dhoruba na nyavu, atakuwa na umri wa kutaga mwaka 2027 au 2028. Atazunguka juu ya mwamba akitafuta kipande cha udongo chenye upana wa mdomo mmoja kila upande. Miaka ya nyuma ganeti wachanga walipigania vipande hivyo mpaka damu. Huyu atatua tu.